Udugu wa waganga wa Uporoto kabla ya wakoloni: tiba gani zingewezekana kweli?

KalamuYaUporoto

Wakuu, naomba msaada wenu kwenye riwaya. Nimebuni udugu wa waganga wanaoishi safu ya milima ya Uporoto, huku Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya 1800, kabla misafara ya pwani haijazoea njia za huku. Wana vituo vitatu: kimoja juu karibu na Ziwa Ngozi, kimoja chini upande wa Rungwe kwenye migomba, na kimoja Songwe kwenye chemchemi za maji moto. Uchawi hawautumii. Wana miiko mikali, na mwanafunzi hukaa miaka 7 kabla hajaruhusiwa kushika kisu.

Sifa zao zimeenea kwa mambo manne: vidonda wanavyovitibu haviozi, wanampasua mama aliyeshindwa kujifungua na akapona, wanaunga paja lililovunjika, na mtu anayeharisha hafi mikononi mwao.

Walivyo navyo ni chuma cha Wakinga na Wafipa, chumvi ya Ivuna (karibu na Ziwa Rukwa), ng'ombe, asali, ulezi, ndizi, mianzi na nguo za magome. Hawana kioo wala dawa za kiwandani. Sitaki msomaji wa Tukuyu afike ukurasa wa kumi aseme hiki kitu hakiwezekani. Naomba hatua, vipimo, na hasa vinavyoharibika na sababu zake.

Mshono

Kalamu, anza na mikono kabla ya kisu. Kunawa peke yake kungewaweka hao watu wako mbele ya hospitali kubwa za Ulaya za wakati ule. Vienna mwaka 1847, daktari Semmelweis aliwalazimisha wanafunzi wa udaktari kunawa kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa nne, kabla ya kunawa huko, wadi yao ilikuwa inapoteza akina mama 18 katika kila 100. Mwezi wa sita walikufa 2 hivi. Hakukuwa na dawa mpya, na habari za bakteria zilikuwa bado. Udugu wako hauhitaji kuwajua bakteria. Unachohitaji ni mtu anayehesabu waliokufa na kuuliza nani aliwagusa.

Sasa joto. Huko juu maji hayachemki kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye 94. Ukipanda mita 2,600 ni 91 hivi. Bakteria wa kawaida wanakufa hapo bila shida, vyombo vikikaa dakika 20 tangu mapovu makubwa yaanze. Spora za pepopunda, yaani mbegu zake ngumu, hazifi, na hata kule pwani kwenye nyuzi 100 hazifi. Kwa hiyo usimwandike mganga anayechemsha kisu halafu akajiamini kabisa. Wala usimpe chungu kilichofungwa kifuniko kwa kamba ili mvuke ubanwe: nyuzi 121 zinataka mgandamizo mara mbili ya hewa ya kawaida, na udongo utapasuka na kumwagia watu mvuke usoni.

Njia iliyo ndani ya uwezo wao ni joto kavu: tanuri la udongo, nyuzi 160, saa 2. Bila kipimajoto wanatumia unga. Nyunyiza unga mkavu wa mtama mweupe kwenye kigae, usukume katikati ya tanuri. Ukigeuka kahawia ndani ya dakika chache, joto limeshapita 160. Ukiwa mweusi, funga matundu ya hewa na subiri. Saa zihesabiwe tangu vyombo vyenyewe vipate moto, tanuri likiwa limeshakolea. Waandishi wengi hupenda kukichoma kisu mpaka kiwe chekundu. Kinakuwa safi kweli, lakini ugumu aliouweka mhunzi umeondoka, na kisu kisicho na makali huchana nyama badala ya kuikata. Nyuzi 160 haziharibu makali.

Vitambaa ni kazi nyingine. Kuchemsha siku tatu mfululizo, ili spora ziote usiku na kuuawa kesho yake, ni njia aliyoieleza mwanasayansi Tyndall mwaka 1877, na kwa mchuzi inafanya kazi. Kwa kitambaa kisicho na lishe spora hazioti, basi siku tatu hazileti tofauti. Wafue, wachemshe, waanike, halafu wapige pasi ya jiwe au chuma cha moto mpaka kitambaa kikaribie kuungua na kutoa ile harufu yake. Kikunjwe kikiwa bado cha moto, ndani ya kitambaa kingine kilichopigwa pasi hivyohivyo.

Kidonda kichafu kisishonwe siku ya kwanza. Hapa ndipo mganga mwenye haraka anapoua. Kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mengi, lita 5 au zaidi kwa mguu uliopasuka. Nyama iliyokufa ikatwe: ile isiyotoa damu, isiyoshtuka ikibanwa, iliyopoteza wekundu wake. Kisha kiachwe wazi chini ya kitambaa. Siku ya 4 au ya 5, kikiwa chekundu bila usaha, ndipo kishonwe. Ukikifunga mapema umewafungia humo vijidudu wasiotaka hewa, na hao ndio wanaoleta donda ndugu na pepopunda.

Asali wanayo, waitumie, ila isipikwe. Nguvu yake inatokana na uchachu wake, uhaba wa maji (asali nzuri ina asilimia 20 au pungufu), na kimeng'enya kinachotengeneza haidrojeni paroksaidi, dawa inayoua vijidudu, asali inapokutana na majimaji ya kidonda. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Asali iliyoanza kuchacha na kutoa mapovu ina maji mengi, itupwe kwenye pombe. Na mtoto chini ya mwaka 1 asilambishwe.

Tanuri

Mshono kaeleza vizuri, lakini kuna jambo ameliruka: sabuni ya kunawia inatoka wapi? Kituo chako cha Songwe kisiwe cha kuogea tu. Chemchemi za pale zimejenga miamba ya chokaa kwa maelfu ya miaka. Ukiichoma kwenye nyuzi 900 hivi, kila kilo 100 za mawe safi zinakuachia kilo 56 za chokaa. Watu wanaoyeyusha chuma wanapita nyuzi 1,100, basi 900 kwao ni kazi ndogo. Mawe yawe makubwa kama ngumi. Yakiwa makubwa zaidi kiini kinabaki kibichi, na kokoto zinaziba njia ya hewa.

Kuzima chokaa: chokaa iingie kwenye maji mengi kidogo kidogo. Ukimwaga maji machache juu ya rundo, yatachemka papo hapo na kuruka machoni, na jicho likishaungua na chokaa mara nyingi haliponi. Mwanafunzi akipatwa, aoshwe kwa maji tele papo hapo, kope zikiwa zimefunuliwa, bila kwenda kumtafuta mkubwa kwanza.

Halafu majivu. Hapa ndipo jiografia yako inapolipa. Majivu ya kuni ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa kuni kavu, na potashi iliyomo (chumvi ya potasiamu, ndiyo ya kutengenezea sabuni) ni sehemu ndogo yake. Kwa kilo 1 ya mafuta ya ng'ombe unahitaji gramu 200 hivi za potasiamu haidroksaidi, yaani potashi iliyokolezwa kwa chokaa. Ukipiga hesabu kwa kuni za kawaida, ni karibu kilo 250 za kuni kwa kilo hiyo moja. Udugu wa watu 40 ungemaliza msitu. Lakini majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi mno, na Rungwe maganda hayaishi. Yakaushwe juani, yachomwe mpaka yawe ya kijivu hafifu (meusi bado yana mkaa), yaloweshwe usiku kucha, yachujwe kwenye kapu lenye nyasi. Maji hayo yakichemshwa na chokaa iliyozimwa, weupe unazama chini na juu yanabaki maji makali. Yai bichi likielea na kuonyesha kipande cha ganda kama upana wa kidole gumba, nguvu inatosha. Likizama, chemsha yapungue. Likilala juu kabisa, ongeza maji.

Mafuta na maji hayo vipikwe kwa moto mdogo saa kadhaa. Sabuni ya potasiamu haigandi kuwa mche, inabaki uji mzito wa kuchotwa kwa kijiko, kwa hiyo usimwonyeshe mtu akikata kipande. Mafuta yakielea juu, maji makali hayakutosha. Ikiuma kwenye ncha ya ulimi, yamezidi, na mikono ya wakunga itapasuka. Mikono iliyopasuka inaficha uchafu kuliko isiyonawa.

Pombe ya kusafishia ngozi: ulanzi (pombe ya mianzi) au pombe ya ndizi kama ilivyo haitoshi, ni asilimia chache tu, na inayoua vijidudu ni ya 60 hadi 90. Ikenekwe mara 3. Chungu, kifuniko kilichozibwa kwa udongo na majivu, mrija wa mwanzi unaopita ndani ya mfereji wa maji baridi ya mlimani. Moto uwe mdogo. Ukikoleza, mapovu yanapanda mpaka kwenye mrija na unapata pombe chafu. Kipimo: asubuhi ya baridi, pombe isiyopashwa ikishika moto kwa kibanzi kinachowaka, imeshapita nusu. Ya kwanza kutoka itupwe. Na hii ni ya mikono, si ya kunywa.

KalamuYaUporoto

Tanuri, hayo ya maganda ya ndizi yamenibadilishia sura nzima. Swali: nilikuwa nimempa mganga mkuu etha ya kulaza wagonjwa. Niitoe? Na mpasuo wa mama je, bila etha inawezekana?

MamaKiwira

Mwanangu, etha itoe. Kuitengeneza kunataka tindikali kali ya salfa na vyombo visivyoliwa nayo, na wewe umesema kioo hakipo. Hata wakiipata, kwa mwinuko wa Mbeya inachemka kwenye nyuzi 29 hivi, na mvuke wake unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko. Nyumba ya nyasi, usiku, kwa mwanga wa moto: wataungua wote.

Mpasuo unawezekana, na ushahidi haupo mbali. Mwaka 1879 huko Bunyoro, Uganda ya leo, msafiri Mwingereza Robert Felkin alishuhudia waganga wa pale wakimpasua mama, akaandika habari zake 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaosha tumbo la mama kwayo, kisha kwa maji. Akapasua wima katikati, chini ya kitovu. Msaidizi aligusa mishipa inayovuja kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa, kondo likatolewa, na mganga akaukanda mfuko wa uzazi kwa mkono mpaka ukajikaza. Mfuko haukushonwa. Ngozi ilifungwa kwa misumari 7 ya chuma iliyong'arishwa, ikazungushiwa uzi wa magome, juu ikapakwa rojo la mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Kwa hiyo usiogope kuwapa mpasuo, ila andika hatari zake kwa ukweli. Ya kwanza ni kuchelewa: mama aliyekaa na uchungu siku 3, maji yamevunjika, ana homa na harufu, huyo mfuko wake umeshaoza ndani, na kumpasua ni kumwagia usaha tumboni. Waganga wako wawe na sheria ya kuamua mapema. Jua likichomoza mara ya pili uchungu ukiwa umekolea na kichwa hakijashuka, apasuliwe au wakubali kwamba wamechelewa. Ya pili ni damu. Kukanda mfuko si pambo la hadithi. Mfuko uliojikaza unabana mishipa yake wenyewe, unakuwa mgumu kama nazi chini ya kiganja. Ukilegea, mama anakwisha ndani ya dakika chache. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kushika mfuko huo, na asiondoe mkono kwa saa ya kwanza hata mtoto akilia vipi. Ya tatu ni pombe yenyewe. Inalegeza akili lakini haiondoi maumivu, na mama aliyelewa akitapika chali anavuta matapishi mapafuni. Alazwe kiubavu kidogo, tumbo likiwa tupu la chakula, wanawake wanne wakimshikilia. Kisu kifanye kazi upesi.

Mfuko usishonwe kwa nyuzi za mmea. Nyuzi hizo haziyeyuki mwilini, zinabaki na kulea usaha. Utumbo wa mbuzi unayeyuka, na tabibu al-Zahrawi wa Kordoba, Hispania, alijua hilo miaka 1,000 iliyopita, lakini ukiuchemsha unakuwa gundi na pombe haiui spora zake. Kushona mfuko kwa uhakika kulianza Ulaya 1882, na daktari Mjerumani Sänger, kwa waya wa fedha. Kwa wakati wako, mfuko uliokandwa na kuachwa ni jibu la busara. Ila mama huyo akishika mimba nyingine kovu linaweza kuachia, na mwandishi anayejali hatamwacha hivihivi kwenye sura za mbele.

Na siafu, maana najua utawaweka: vichwa vyao vinafunga mkato mdogo wa juu juu kama kingo zimeshikwa pamoja kwanza. Tumbo hapana.

Banzi

Mimi nichukue paja. Fupa la paja likivunjika katikati, misuli inavuta vipande vipishane na mguu unafupika. Ndani ya paja inaweza kuvuja lita 1 hadi 1.5 za damu bila tone kuonekana nje, kwa hiyo mgonjwa wako awe amepauka na baridi, na kumbeba bila kumfunga ni kumwongezea damu. Kabla ya safari, mguu mbovu ufungwe na mzima, mianzi miwili iliyopasuliwa kuanzia kwapa hadi kisigino, ndani nguo za magome zilizokunjwa.

Mabanzi peke yake hayaungi paja la mtu mzima. Inahitajika kuvuta kwa uzito. Vipande vya nguo ya magome vinabandikwa kwa utomvu pande mbili za mguu, vinafungwa kwa kitambaa, kamba inapita kwenye kapi la mti lililopakwa mafuta, mwisho wake jiwe. Jiwe lisizidi kilo 5. Likizidi, ngozi inachubuka na kutoa malengelenge, na kazi yote imeharibika. Miguu ya kitanda iinuliwe sentimita 20 hivi upande wa nyayo za mgonjwa, ili mwili wenyewe uvute kinyume. Usipoinua, mgonjwa atateleza mpaka jiwe liguse sakafu na hakuna kinachovutwa.

Kipimo ni uzi. Toka kwenye nundu ya mbele ya nyonga hadi kifundo cha ndani, mguu mzima kwanza, unapiga fundo. Kisha mguu mbovu. Fundo mbili zikitofautiana upana wa kidole au pungufu, vizuri. Pima kila asubuhi wiki 2 za kwanza, ndipo urekebishe jiwe.

Kitambaa kisibane upande wa nje chini kidogo ya goti. Hapo mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa, na ukibanwa siku moja tu mguu unaning'inia na mgonjwa hawezi kuinua unyayo, pengine maisha yake yote. Kila kukicha aambiwe ainue kidole gumba cha mguu. Kisigino kining'inie, kisilale. Wiki 12 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto. Mtu anayelala wiki 12 bila kugeuzwa mgongo atakufa kwa vidonda vya kulalia, mfupa wake ukiwa umeunga vizuri kabisa.

MbeguZaUlezi

Kuhara ndiko udugu huu utaokoa watu wengi kuliko hayo mengine yote, na hakuhitaji kisu. Anayekufa kwa kuhara anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi. Utumbo hata ukiwa mgonjwa unapitisha chumvi ukiletewa pamoja na sukari, na maji yanafuata. Wanasayansi walilielewa hili miaka ya 1960, lakini mtu makini anayehesabu angeliona mapema.

Sukari hawana, wana ulezi. Gramu 50 hadi 60 za unga kwa lita 1, upikwe dakika 10, halafu chumvi gramu 3. Ukiwa mzito, tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi ukishapoa kiasi cha kuvumilika kidoleni. Ndani ya dakika chache uji unakuwa maji. Kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka hakifanyi kitu. Baada ya hapo uchemke tena kidogo, kwa sababu kimea kimekuja na vijidudu vyake.

Chumvi ndiyo mtego. Iwe ya Ivuna. Chumvi ya majivu ya matete iliyotumika sehemu nyingi za huku ina potasiamu zaidi kuliko sodiamu. Haimrudishii mgonjwa anachopoteza, na ikizidi inasimamisha moyo. Udugu uwe na kijiko kimoja mama, cha mwanzi, na vijiko vya vituo vyote vikatwe kwa kulinganishwa nacho. Na kila anayepika aonje: usizidi chumvi ya machozi. Uji ukizidi machozi unamkausha mtoto badala ya kumrudishia maji.

Kiasi: mtu aliyeanza kukauka apewe mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, yaani zaidi ya lita 4 kwa mtu wa kilo 60. Akitapika, subiri dakika 10 na uanze tena kwa kijiko. Mama aendelee kunyonyesha. Uji uliolala umwagwe, hata kama huko Ngozi ni baridi.

Kumbukumbu

Nyongeza mbili. Udugu wako ungeweza kuchanja ndui pia. Kuchanja kwa usaha wa ndui kulijulikana Afrika. Mtumwa Onesimus ndiye aliyeeleza Boston, Marekani, na mlipuko wa 1721 walipochanja watu wapatao 240 walikufa 6, wakati waliougua bila kuchanjwa walikufa kama 14 katika kila 100. Wachukue kwa mgonjwa mwenye ndui hafifu, mkwaruzo mdogo mkononi, na aliyechanjwa atengwe mpaka gamba la mwisho lidondoke. Hili la kutenga ndilo lenye hatari: aliyechanjwa anaambukiza ndui kamili, na mmoja akitoroka kwenda harusini umeua kijiji.

La pili, mimea. Mkonge uliingia nchini 1893, kwa hiyo kamba zako ziwe za mkonge pori. Mkaratusi ni wa Australia, mwarobaini ni wa Bara Hindi, kwinini inatoka kwenye mti wa Amerika Kusini, pareto ilifika nyanda hizi miaka ya 1930. Viazi mviringo navyo vitoe jikoni. Ulezi, mtama, ndizi, asali na mianzi ni halali yako yote.